SOMO: Mbwa na paka wako sikukuu hizi za Krismasi na mwaka mpya (tuliopo Mwanza)

Wakuu habari za jioni. Kila ikifika Desemba napata meseji zilezile, mbwa katoroka, mbwa anatapika, paka namwachia nani, sasa naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

1. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Kama hajawahi kuchanjwa mpeleke sasa, kinga inachukua kama wiki nne kukaa sawa.

2. Dawa ya minyoo, na ya kupe maana mvua zipo.

3. Mifupa ya kuku wa kupikwa hapana, ya sangara hapana, inachoma utumbo. Pilau nalo hapana, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa na paka. Waambie wageni na watoto kabla hawajaanza kula.

4. Maji safi kivulini, chombo kizito kisichopinduka.

5. Usiku wa mwaka mpya, hapa tulia usome. Mwaka juzi nilimfunga mbwa wangu mnyororo uani nikaenda mkesha, nikijua yuko salama. Tunakaa mlimani Kabuhoro, nyumba zimejibana katikati ya mawe, fataki ikilia kule Kirumba mlio unagonga mawe unarudi tena, juu yake honi na watu wanapiga masufuria. Narudi saa nane usiku nakuta mnyororo umekaza juu ya ukuta, yeye yuko upande wa jirani ananing'inia, miguu ya nyuma tu ndo imepata jiwe la kukanyaga, ulimi umeanza kuwa wa bluu. Lile jiwe ndo lilimuokoa. Kidonda cha shingo kilichukua mwezi, na mpaka leo akisikia mnyororo unaburutwa anaingia uvunguni. Kosa lilikuwa langu.

Kwahiyo USIMFUNGE usiku huo. Jioni mtembeze kabla ya giza, mlishe mapema, saa mbili mwingize chumbani au stoo na gunia lake analolalia siku zote, funga dirisha, washa redio sauti ya kawaida. Ukiwepo kaa naye, akija kujibanza mpapase, haumfundishi uoga. Geti likague mwenyewe, wageni huwa wanaliacha wazi. Kama ni muoga sana nenda kwa daktari wa mifugo mapema, zipo dawa za kumtuliza kulingana na uzito wake.

MASWALI

Igoma: Mkuu nikimpa panadol si atatulia tu?
– Hapana. Panadol haitulizi uoga, na kwa paka hata kidonge kimoja kinaweza kuua. Rudi kasome mwisho wa namba 5.

Buhongwa: Wangu ni wa ulinzi, nikimfungia ndani nani atalinda?
– Mbwa anayetetemeka halindi kitu kaka. Na akiruka ukuta hutakuwa naye kesho yake. Nimeeleza yaliyonikuta, uamuzi ni wako.

Nyegezi: Tunaenda Ukerewe siku tano, paka niende naye au abaki? Na dagaa anaweza kula kila siku?
– Swali zuri sana dada. Abaki, paka anazoea nyumba, ukimhamisha anaweza kutoroka akitafuta kwake. Tafuta mtu wa kuja asubuhi na jioni, mwachie hela ya chakula, namba ya daktari, na mwambie paka asipokula siku nzima akupigie. Dagaa osha mchanga mara tatu, chemsha bila chumvi, ila changanya na vyakula vingine, dagaa peke yake kila siku hawamtoshi.

Igoma: Na mbwa akimng'ata mgeni?
– Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa kachanjwa. Mbwa msimuue, afungiwe aangaliwe siku 10. Hili umeuliza vizuri.