Daftari la makosa kwanza, vitabu baadaye: namna ya kujiandaa na GRE na wenzake

Wanaonijia niwasaidie kujiandaa na GRE, mtihani wa kuombea nafasi ya uzamili au uzamivu, huanza na swali lile lile: ninunue kitabu kipi? Nami huwauliza: umeshaufanya mtihani mzima, hata mara moja? Wengi hawajaufanya. Basi tunaanzia hapo, hata kama hesabu za sekondari zimeshasahaulika zote.

Kabla ya hapo kuna kazi ya jioni moja. Fungua ukurasa wa udahili wa kila programu unayoitaka usome wanadai nini. Programu nyingi za uzamili na uzamivu siku hizi zimeufanya mtihani kuwa wa hiari, nyingine hazitaki kuziona alama kabisa, na sioni sababu ya kulipia mtihani usioombwa. Wa biashara huchagua kati ya GMAT na GRE. Wa sheria nchini Marekani hufanya LSAT, ingawa vyuo kadhaa hupokea GRE pia. Wa udaktari ana MCAT, na mzigo wake ni mwingine kabisa: maswali 230 na siku nzima ya takriban saa saba na nusu. Mengi nitakayosema ni ya GRE, maana ndiyo ninayoifundisha zaidi.

Chukua tarehe ya mwisho ya maombi, uhesabu kurudi nyuma. Majibu ya GRE hutoka baada ya siku 8 hadi 10, na anayetaka kurudia hana budi kungoja siku 21. Mimi hupenda mtu afanye mtihani wake wa kwanza miezi miwili kabla ya tarehe hiyo, ili kurudia kusiwe kwa hofu. Alama hudumu miaka 5, kwa hiyo aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza anaweza kuumaliza mapema.

Sasa jaribio la kwanza. Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa: saa 1 na dakika 58, bila mapumziko. ETS, wenye mtihani, hutoa bure majaribio mawili ya kompyuta yanayofuata muundo ule ule. Fanya moja sasa, la pili usiliguse hadi wiki mbili za mwisho. Simu iwe chumba kingine. Usisimamishe saa. Alama zitakuudhi, lakini hazimfikii mtu mwingine yeyote.

Kuanzia hapo maandalizi yenyewe ni daftari. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, liandikie mistari mitatu: nilifikiri nini, ilitakiwa nifikiri nini, na nikiliona tena nitafanya nini. Mstari wa tatu ndio wenye faida, na ndio watu wanaouruka. Tuseme swali linakwambia kipeo cha pili cha x ni 9, halafu linakutaka ulinganishe x na 3. Ukajibu kwamba ni sawa. Jibu sahihi ni kwamba haiwezekani kujua, kwa sababu x yaweza kuwa 3 au hasi 3. Ukiandika “niwe makini zaidi” hujaandika kitu. Andika: “Nikiona kipeo cha pili, naorodhesha thamani zote mbili kabla ya kutazama majibu.” Hilo ni jambo la kufanya kwa mkono, na mkono hufundishika.

Baada ya wiki chache utaona makosa yako si mengi kama ulivyodhani. Ni machache yanayojirudia. Hapo sasa nunua kitabu, ukijua ni sura zipi unazozihitaji.

Adui mwingine ni saa. Sehemu ya kwanza ya hisabati ina maswali 12 kwa dakika 21, yaani sekunde 105 kwa kila swali. Swali gumu na swali jepesi ndani ya sehemu moja yana uzito sawa, na jibu baya halikukatwi alama. Kwa hiyo dakika ya pili ikiisha hujui unakokwenda, chagua jibu lolote, weka alama ya kurudi, songa. Wenye akili nyingi ndio wanaonisumbua hapa. Hawataki kushindwa na swali moja, nalo linawala matatu yaliyo nyuma yake. Zoeza kuacha kama unavyozoeza kukokotoa. Wa GMAT aangalie: huko huwezi kuruka swali bila kulijibu, unaruhusiwa kubadili majibu yasiyozidi 3 mwishoni mwa kila sehemu, na kutomaliza sehemu kunakugharimu.

Kwa sehemu ya lugha, orodha ya maneno elfu moja ya kukariri siipendi. Jifunze machache kila siku, kila neno ndani ya sentensi, na usiyasahau ya zamani. Kwenye maswali ya kujaza nafasi, tafuta kwanza kiunganishi: penye “ingawa” sentensi inageuka, penye “kwa sababu” inaendelea. Weka neno lako mwenyewe kwenye pengo, ndipo usome machaguo.

Insha ni moja, dakika 30. Mada zote zinazoweza kutoka zimewekwa wazi na ETS, basi chagua chache uziandikie mifupa tu: msimamo, hoja mbili, pingamizi moja. Inatosha.

Jina ulilojisajilia lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Ukifanyia nyumbani, karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Tumia ubao mdogo mweupe au karatasi iliyo ndani ya plastiki angavu, na kalamu inayofutika. Zoea kukokotolea juu yake mapema, maana mwandiko hubadilika.

Mwishoni kompyuta itakuuliza kama unataka alama zipokelewe au zifutwe, kabla hujaziona. Usifute kwa sababu ya kujisikia vibaya tu. Chuoni utatuma matokeo unayoyataka wewe, na karibu kila mtu hutoka pale akidhani ameharibu.