Kabla Hujampa Mtu Anwani ya Seva Yako ya Mafaili

Ukurasa wa kuingilia ukifunguka mara ya kwanza, nembo juu na visanduku viwili vya jina na nenosiri chini yake, mkono unawasha kutangaza. Mimi nilitangaza. Wenzangu watano walipata anwani usiku uleule, na asubuhi nikakuta ujumbe wa mmoja wao: "Video haipandi, inakataa hapohapo." Picha zangu za majaribio zilikuwa zimepanda zote. Hakuna hata moja iliyofika megabaiti moja.

Megabaiti moja ndicho kiwango ambacho Nginx, programu inayosimama mbele na kupokea maombi ya vivinjari, huja nacho. Usipoandika client_max_body_size kwenye mipangilio yake, ombi linalozidi hapo hurudishwa kwa namba 413, na ndani ya error.log hubaki mstari wenye maneno "client intended to send too large body". Nikakipandisha kiwango, nikamwomba ajaribu tena. Safari hii video ilikwenda hadi asilimia mia, ikaganda hapo, kisha ikaja 504, namba ya jibu lililochelewa. Maana yake ni kwamba ule mstari wa maendeleo kwenye kivinjari huonyesha safari ya kutoka kwa mtumiaji hadi Nginx tu. Nginx, isipoelekezwa vingine, hulikusanya ombi zima kwenye diski yake kwanza, ndipo hulikabidhi kwa programu iliyo nyuma. Programu nayo hupewa sekunde 60 za kujibu. Diski yangu ilikuwa kuukuu, ya kuchomeka kwa USB, na sekunde hizo hazikuitosha.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mipangilio yoyote, chukua karatasi uandike kila mkono unaolipokea faili tangu linapotoka kwenye kivinjari hadi linapolala kwenye diski. Kila mkono una kipimo chake cha ukubwa na cha muda, na faili hupimwa kwa kilicho kidogo kuliko vyote. Kama programu yako imeandikwa kwa PHP, upload_max_filesize huanza na megabaiti 2 na post_max_size na megabaiti 8. PHP ina tabia moja mbaya: ombi likizidi post_max_size, programu hupokea fomu tupu, kana kwamba mtumiaji hakuchagua kitu. Unaweza kupoteza jioni nzima ukitafuta kosa kwenye ukurasa ilhali liko kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP.

Ujue pia kama ukurasa na mafaili vinapita njia moja. Kwenye Seafile, programu ya kuhifadhi na kushiriki mafaili, kwa mpangilio wake wa kawaida kurasa hutoka poti (mlango wa mtandao) 8000 na mafaili hupita poti 8082. Ukisahau kuielekeza hiyo ya pili kwenye proksi, yaani mpokeaji wa mbele kama ile Nginx, au FILE_SERVER_ROOT, yaani anwani ya mafaili, ikibaki na http wakati ukurasa unatumia https, utaingia vizuri, utaona folda zote, na hutapakua hata faili moja. Nextcloud, programu nyingine ya aina hiyo iliyochipuka kutoka ownCloud mwaka 2016, haina mgawanyo huo ila ina masharti yake: jina la kikoa lazima liwemo kwenye orodha ya trusted_domains, na anwani ya proksi iwemo kwenye orodha ya trusted_proxies. Hili la pili watu huliruka kwa sababu kila kitu huonekana kufanya kazi bila hilo. Lakini seva itadhani wageni wote wanatoka kwenye anwani moja, ile ya proksi, na siku mtu mmoja atakapokosea nenosiri mara nyingi, kinga dhidi ya wabahatishaji itawachelewesha wote kwa pamoja.

Kama seva iko nyuma ya ruta ya nyumbani au ya ofisi, fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa mwanzo wake ni kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua poti kwenye ruta yako hakutasaidia kitu. Utahitaji anwani ya umma au njia ya kupitia seva nyingine. Ni afadhali ulijue hilo leo kuliko baada ya siku mbili za kuhangaika. Kwa cheti cha https, Let's Encrypt, inayotoa vyeti bure, inatosha kabisa. Vyeti vyake vya kawaida huisha baada ya siku 90, kwa hiyo, kama unavichukua kwa programu ya certbot, endesha certbot renew --dry-run kuhakikisha vitajihuisha bila wewe, na ikiwa unathibitisha kikoa kwa njia ya HTTP usiifunge poti 80 ukidhani haina kazi tena.

Sasa majaribio yenyewe. Yafanye kwa simu iliyozimwa WiFi, kwa sababu ndani ya mtandao wako mwenyewe ruta inaweza kukudanganya kwa namna zote mbili: ikakuonyesha seva ambayo nje haionekani, au ikakunyima seva ambayo nje inaonekana bila shida. Tengeneza faili kubwa la taka:

head -c 5G /dev/urandom > jaribio.bin

Gigabaiti 5 nimezichagua makusudi. Diski ya nje yenye mfumo wa FAT32 haiwezi kubeba faili moja la gigabaiti 4 au zaidi, na wengi hugundua hilo wakiwa tayari wameshahamia. Kabla ya kupakia, andika pembeni jibu la sha256sum jaribio.bin, amri inayokokotoa alama ya utambulisho ya kilichomo ndani ya faili. Lipakie kwa kompyuta iliyounganishwa kupitia simu kama kifurushi chako kinaruhusu, lipakue tena kwa jina jingine, kisha pima upya. Herufi na tarakimu zote 64 zifanane. Ukubwa kufanana peke yake haukuambii kama kilichomo ni kilekile. Wakati linapanda, fungua dirisha jingine la terminali utazame df -h, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski: ukiona sehemu ya mfumo inajaa badala ya diski ya data, proksi inahifadhi mzigo wa muda mahali pembamba, na watu watatu wakipakia kwa wakati mmoja seva itasimama.

Kisha kata mtandao katikati ya kupakua, urudishe, uendelee pale ulipoishia kwa programu ya kupakua ya curl, ukiandika curl -C - na anwani ya faili. Seva inayojua kuendelea itajibu 206, yaani inatuma sehemu iliyobaki tu. Ikijibu 200 imeanza upya, na mwenye mtandao wa kusuasua hatalimaliza faili lako kamwe.

Majina ya mafaili yanahitaji jaribio lake. Anza na "Orodha ya ng'ombe.pdf". Hiyo alama ya ritifaa (') imenivunjia kurasa mbili tofauti: kwenye moja kitufe cha kufuta hakikufanya lolote, kwa sababu alama hiyo ilifunga maandishi ya msimbo kabla ya wakati wake. Simu nyingi pia huandika alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, hivyo unaweza kuwa na mafaili mawili ambayo kwa jicho ni jina moja na utafutaji ukaleta moja tu. Ongeza jina lenye nukta mbili kama "Kikao 10:30", ambalo Linux hulikubali na Windows hulikataa.

Viungo vya kushiriki vifungue kwenye dirisha la faragha, si pale ulipokwisha kuingia kama msimamizi. Weka kiungo chenye nenosiri, ujaribu bila nenosiri. Kifute, ukifungue tena. Pakia ukurasa mdogo wa HTML wenye hati (script, maagizo yanayoendeshwa na kivinjari) ndani yake uone kinachotokea ukibofya. Ukifunguka na hati ikaendeshwa chini ya kikoa chako, mtumiaji yeyote anaweza kupanda mtego wa kuiba akaunti ya mwingine.

Mwisho washa seva upya bila kugusa chochote. Programu ikitangulia diski ya data, itakuta folda tupu na huenda ikaanza kuandika humo. RequiresMountsFor ya systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, huilazimisha isubiri. Nakala rudufu sitazieleza kwa urefu, ila hifadhidata na mafaili vichukuliwe pamoja: Seafile huyakata mafaili vipande vipande, na bila hifadhidata yake hutajua lipi ni la nani.

Lile faili la jaribio bado ninalo, na hulipandisha kila baada ya kusasisha mfumo. Kwenye Debian kila toleo la PHP lina folda yake ya mipangilio, kwa hiyo nilipotoka 8.2 kwenda 8.4 php.ini mpya ilikuja na megabaiti zake 2 kama siku ya kwanza, na ukurasa wa kuingilia ulifunguka vizuri kabisa.