Ukiitwa kujaji sarafu za kale
Wakuu, mkipewa kazi ya kujaji sarafu za kale kwenye shindano la wakusanyaji msizipange zote foleni moja. Ile ya Athens ya Ugiriki ya kale, yenye picha ya bundi, ni madini ya fedha tupu, gramu kama 17, sasa ukiiweka pembeni ya kasarafu kadogo ka shaba ka Kilwa, ka sultani Ali bin al-Hasan, unategemea nini? Ka Kilwa angalia kwanza maandishi ya Kiarabu kama yanasomeka pande zote mbili, maana yana vina, jina la sultani huku na maneno ya dini kule (utamu wake uko hapo). Na ya Athens ikikosa sehemu ya juu ya kofia ya Athena (yule mungu wa kike aliyechorwa upande wa pili) msikate maksi hovyo, mara nyingi muhuri wa kugongea picha ulikuwa mpana kuliko kipande chenyewe. Iliyosuguliwa mpaka inameremeta, hiyo ndo ya kukata maksi.