Kupunguza kilo bila kupoteza misuli: hatua kwa hatua

Kilo nne zikitoka ndani ya wiki mbili, uliza kwanza zimetoka wapi. Mizani haina jibu. Inapima maji, misuli, mafuta na chakula kilichomo tumboni, vyote kwa mkupuo.

Hatua ya 1: Chukua vipimo vitatu

Uzito: pima asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai, mara tatu kwa wiki, kisha chukua wastani. Tumia mizani ileile. Ukipima leo kwa yule wa mizani kando ya barabara mjini, viatu miguuni, na kesho kwenye duka la dawa mtaani, tofauti ya kilo mbili haikuambii kitu. Mizani zinazoonyesha asilimia ya mafuta nazo usiziamini sana: hupitisha umeme mdogo mwilini, na namba hubadilika ukiwa na kiu.

Kiuno: tumia utepe wa fundi wa nguo. Papasa ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na uzungushe utepe katikati ya hapo. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani.

Nguvu: hesabu presapu unazopiga kabla mgongo haujaanza kubonyea. Andika.

Hatua ya 2: Usishangilie wiki ya kwanza

Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni, takriban gramu 400 hadi 500, kwenye misuli na ini. Kila gramu hushika karibu gramu 3 za maji. Ukikata ugali na chapati ghafla, akiba hiyo inaisha na maji yanatoka nayo, kwa hiyo kilo moja na nusu hadi mbili zinaweza kuondoka huku mafuta yakiwa hayajaguswa sana. Ndiyo maana chapati za Jumamosi hurudisha kilo moja kufikia Jumapili. Hayo ni maji. Kilo moja ya mafuta ina takriban kalori 7,700. Hakuna anayezila za ziada kwa jioni moja.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wiki ya pili mizani inapunguza mwendo, mtu anadhani mpango umekwama, anabaki na chai na tunda. Ubongo bado unataka sukari, kwa hiyo mwili unavunja protini ya misuli kuitengeneza.

Hatua ya 3: Panga kasi

Lenga nusu hadi asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Mwenye kilo 90 apunguze gramu 450 hadi 900. Pungufu ya kalori 500 kwa siku inakufikisha kiwango cha chini, na mara nyingi si lazima upunguze chakula chenyewe: vijiko viwili vikubwa vya mafuta kwenye sukuma wiki ni kalori 240 hivi. Kupunguza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza pia hatari ya mawe kwenye nyongo. Ukiwa mjamzito, una ugonjwa wa figo, au unatumia insulini au vidonge vya kisukari, muone daktari kabla ya kuanza.

Hatua ya 4: Protini iingie kwanza

Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 90, anzia 108. Siku moja inaweza kuwa hivi:

- mayai 3: gramu 18
- maziwa nusu lita: 16
- ndengu zilizopikwa, kikombe kimoja: 14
- omena kavu, gramu 50: 25 hivi
- nyama ya ng'ombe iliyopikwa, gramu 100: 26
- njugu karanga, kiganja kimoja: 8

Jumla 107. Gramu moja haina ugomvi. Igawanye katika milo yote, usiirundike usiku.

Hatua ya 5: Mtungi wa lita 20

Lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo vyuma unavyo nyumbani. Jaza lita 10, ufunge kifuniko, ukumbatie mtungi kifuani na uchuchumae mara 8 hadi 12. Maji yatayumba, shuka polepole, visigino chini. Kisha inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta mtungi hadi kiunoni. Malizia na presapu. Seti tatu za kila zoezi, siku tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Ukifika 12 katika seti zote bila shida, ongeza lita 2. Kukimbia peke yake hakulindi misuli vya kutosha.

Hatua ya 6: Soma vipimo kwa pamoja

Uzito unashuka, kiuno kinashuka, nguvu ipo palepale: ni mafuta yanayotoka, endelea. Uzito umesimama lakini kiuno kinapungua: usiguse kitu. Uzito unashuka haraka, kiuno hakisogei, na presapu zimetoka 15 hadi 10 kwa wiki mbili mfululizo: unapoteza misuli. Rudisha kalori 200 kwa siku, nyingi zitoke kwenye mayai, maziwa au ndengu, uhakikishe unalala, halafu upime tena baada ya siku 14.