Jinsi ya kubishana muvi, komiksi na rap bila kubahatisha

Ubishi mwingi wa mafani unaishiaga palepale, Batman na Spider-Man nani angemkalisha mwenzake, sizoni gani kali, nani mfalme wa kuchana, halafu kila mtu anamtaja mhusika kana kwamba mhusika ndo kajiandika mwenyewe. Batman hajawahi kuandika hata sentensi moja jamani. Ukitaka maoni yako yasimame acha kumfuata steringi, fuata watu waliomtengeneza, na hiyo haihitaji uwe umesomea filamu, anza tu na kutoinuka pale majina yanapoanza kupanda kwenye skrini.

Tuanze na muvi maana ndo rahisi. Dairekta unamjua tayari, jina lake lipo hadi kwenye posta, wewe ongeza watatu: aliyeandika, aliyehariri na aliyetunga muziki. Mimi wa muziki ndo namfuatilia kuliko wote. Chukua Black Panther ya 2018, watu wanasifia mavazi na Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Afrika (sawa, vinastahili), ila muziki wa Ludwig Göransson ndo unakwambia nani ni nani: T'Challa, mfalme wa Wakanda, ana ngoma ya tama ya Afrika Magharibi, ile inayobanwa kwapani ikawa kama inaongea, Killmonger, adui yake aliyekulia Oakland huko Marekani, ana filimbi ya Wafulani na chini yake besi nzito ya 808, ile ya kwenye rap, yaani damu ya Afrika na makuzi ya Oakland umeshasikia kabla jamaa hajafungua mdomo. Sasa vuta hiyo kamba. Göransson alishafanya na Ryan Coogler, dairekta wa Black Panther, muvi za Fruitvale Station ya 2013 na Creed ya 2015, halafu mwaka huohuo wa 2018 ni mmoja wa maprodyuza wa This Is America ya Childish Gambino, Gambino ndo Donald Glover mwenye sirizi ya Atlanta, na video ya wimbo ule kaiongoza Hiro Murai ambaye ndo dairekta wa episodi nyingi za Atlanta. Umeanza na muvi ya Marvel umetokea kwenye sirizi ya mchanaji na meneja wake, na hakuna programu iliyokupendekezea.

Kwenye sirizi dairekta usihangaike naye sana, mara nyingi anabadilika kila baada ya episodi kadhaa. Bosi ni mwandishi mkuu, na swali la kujiuliza ni huyu alikuwa anafanya nini kabla. Vince Gilligan kabla ya Breaking Bad alikuwa anaandikia The X-Files, na 1998 ikatoka episodi yake inaitwa Drive ambayo Bryan Cranston anacheza jamaa mbaguzi, mdomo mchafu, mtu wa kumchukia kabisa, ila ukifika mwisho unamwonea huruma bila kupenda. Miaka baadaye Gilligan akamtaka Cranston awe Walter White, steringi wa Breaking Bad, wakubwa wa kituo cha TV walikuwa wanamjua kama baba wa kwenye komedi tu, wakawa na wasiwasi, Gilligan akawaonyesha hiyo hiyo Drive. Ukiijua hiyo, Walter White hakushangazi tena, unaona kabisa mbegu ilipandwa wapi.

The Wire nayo, sirizi ya polisi na wauza unga wa mji wa Baltimore, Marekani, episodi 60 sizoni tano, wengi wanaikimbia sizoni ya pili kwa sababu inahamia bandarini na sura walizozizoea zinapungua. Mimi nasema ile ndo uti wa mgongo wa sirizi nzima, na nitabishana na yeyote. David Simon alikuwa ripota wa habari za uhalifu Baltimore, mwenzake Ed Burns alikuwa askari mpelelezi halafu akawa mwalimu, kwa hiyo sirizi kutoka polisi kwenda bandarini, kisha shule, kisha gazeti, sio kwamba waliishiwa hadithi, wanakuonyesha mji mmoja kona kwa kona. Usihukumu sirizi ya namna hiyo kwa episodi ya kwanza, ipe angalau nne.

Komiksi ndo wengi wanakwama. Wanaona Batman kaanza 1939 wanasema aah siwezi kusoma miaka yote hiyo. Huna haja! Tafuta mwandishi na mchoraji waliokaa pamoja wakaimaliza hadithi yao, mfano Batman: Year One ya 1987, Frank Miller kaandika, David Mazzucchelli kachora, matoleo manne imeisha. Watchmen ni matoleo 12. Na mchoraji usimruke, watu wanamtaja mwandishi wake Alan Moore tu wakati Dave Gibbons ndo kachora, kurasa nyingi kazigawa visanduku tisa, na ile mipaka yenyewe ndo inaamua usome haraka au taratibu. Soma ukurasa mara mbili, ya kwanza maneno, ya pili picha tupu. Majina haya yana uzito bana, Bill Finger alichangia sana kumuumba Batman lakini kwa miongo kadhaa muumbaji aliyekuwa anatajwa ni Bob Kane peke yake, hadi 2015 ndo DC, kampuni yenye Batman, wakakubali kumwandika Finger naye, na alishafariki tangu 1974.

Rap usiitenge na haya mengine, ni watu walewale. Mchanaji MF DOOM barakoa yake katoa kwa Doctor Doom, adui wa Fantastic Four kwenye komiksi za Marvel tangu 1962. Ghostface Killah wa kundi la Wu-Tang anajiita Tony Starks, kutoka Tony Stark ambaye ndo Iron Man wa komiksi, na albamu yake ya 1996 inaitwa Ironman. RZA, prodyuza wa kundi hilo, aliyejaza sauti za muvi za kung fu kwenye albamu ya kwanza ya Wu-Tang ya 1993 akaja kutunga muziki wa muvi ya Ghost Dog ya 1999, na Method Man, mwenzao wa Wu-Tang, ndo yule Cheese wa The Wire. Kusikiliza: raundi ya kwanza albamu nzima bila kusoma mistari popote, ya pili na mistari mkononi, ya tatu sahau maneno ufuate biti tu. Madvillainy ya 2004, albamu ya MF DOOM na prodyuza Madlib, jaribu hivyo, nyimbo zake fupifupi nyingi hazina hata kiitikio, ukiruka moja umeshapoteza njia, na ukifika raundi ya tatu utaelewa Madlib kafanya nusu ya kazi.

Sasa ukienda kubishana, acha "inasifiwa bure" na "haina mpinzani". Taja sini moja, ukurasa mmoja au vesi moja na useme imefanya nini. Mtu akikwambia muvi mbovu kwa sababu haifanani na komiksi, muulize komiksi ipi, ya mwaka gani, kaandika nani. Wengi watabadilisha mada, atakayekujibu kaa naye mbishane hadi usiku.