SOMO: Kuchagua risasi za magnum fupi kwa kuwinda wanyama wakubwa (soma yote kabla hujanipigia)

Wakuu, kamwene. Mwezi huu peke yake nimeulizwa mara saba, na mara moja ilikuwa msibani Mafinga nikiwa nimeshika jeneza: "Ninunue .300 WSM au niache?" Nimechoka. Naandika mara moja tu, atakayeniuliza tena nitamtumia hili.

Magnum ni risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, na namba ya mbele ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, takriban, kwa sehemu za inchi. Magnum fupi ninazosema hapa ni familia ya WSM (Winchester Short Magnum) ya kampuni ya Winchester: .300 ilitoka 2001, .270 na 7mm mwaka uliofuata, .325 ikaja 2005. Remington, kampuni nyingine, nao wana zao, wanaziita SAUM. Walichofanya ni kulifupisha ganda, yaani kopo linaloshika baruti, na kulinenepesha. Ganda la .300 Win Mag (Winchester Magnum, ile ndefu), ya tangu 1963, lina urefu wa milimita 66.5, la .300 WSM lina 53 na ushee, na halina ule mkanda mnene kama pete kitakoni. Bolti (chuma unachovuta na kusukuma kupakia risasi) inakuwa fupi, bunduki inapungua uzito kidogo. Kasi ni ile ile: kichwa (kile kipande kinachoruka) cha greni 180, kama gramu 11.7, kinatoka karibu mita 905 kwa sekunde, Win Mag nayo hapo hapo. Anayekwambia fupi inaua zaidi ana bunduki anataka kuiuza. Mnyama pofu hajui urefu wa ganda.

Hatua ya 1. Leseni ya silaha na kibali cha kuwinda, vyote mkononi. Huna? Ishia hapa.

Hatua ya 2. Taja mnyama. Nyati, simba, tembo, kiboko: kanuni zetu za uwindaji zinaanzia kaliba .375, kwa hiyo hakuna WSM hata moja inayofika. Usinijie na habari za ".325 inakaribia". Kwa pofu, tandala, palahala, korongo, kuro, kongoni na ngiri, hapo magnum fupi ina kazi.

Hatua ya 3. Chagua kichwa cha risasi kabla ya kaliba. Watu wanafanya kinyume, wanabishana kaliba mwaka mzima halafu wananunua boksi lolote lililopo. Kwenye miombo ya Chunya na Rungwa mara nyingi unapiga mita 60 hadi 150. Umbali huo magnum bado ina karibu kasi yake yote, na kichwa laini chenye koti jembamba kinapasukia begani, hakifiki mapafuni. Unabaki na kidonda kikubwa cha juu juu na mnyama anayekimbia. Kwa .300 chukua greni 180, iwe ile ambayo koti limeshikamana na madini laini ya risasi yaliyo ndani, au ya shaba tupu. Greni 150 ziache kwa swala.

Hatua ya 4. Jaribu ulishaji, yaani risasi inavyotoka magazini (kisanduku chake) kuingia chemba, tundu la nyuma ya mtutu. Hapa ndipo nilipoumbuka, nivumilieni.

Ganda la WSM lina unene wa kama milimita 14 na bega lake limekatwa ghafla, nyuzi 35. Risasi nyembamba yenye bega la mteremko inateleza yenyewe kuingia chemba. Hii inaingia kama lumbesa ya viazi mlangoni mwa hiace, lazima uipangie njia. Nilichukua .300 WSM kwa mtu, nikaijaribu mezani kwa risasi mbili, polepole, kama ninachanganya karata. Safi. Nikaenda nayo upande wa Chunya. Nikampiga pofu dume, mita kama 80, nyuma kidogo ya bega. Akatikisika, hakuanguka. Nikavuta bolti, nikasukuma, ikagoma. Risasi ya pili ilikuwa imenyanyua pua, ncha imegota juu ya mdomo wa chemba, kiuno kimebanwa na midomo ya magazini. Nikasukuma kwa hasira, kichwa kikazama ndani ya ganda. Nilipokuwa nachokoa kwa kisu, pofu alishaingia vichakani. Tulifuata damu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na mzee wetu wa kusoma nyayo hakunisemesha neno moja njia nzima. Tulimkuta amelala chini ya mninga, bado anapumua.

Nilipoikagua jioni, mdomo mmoja wa magazini ulikuwa umepinda. Hiyo ni sehemu ya bunduki. Sehemu yangu ni kwamba sikuvuta bolti hadi mwisho, maana mezani nilijizoeza kuvuta nusu.

Kwa hiyo: jaza magazini yote, kwa nyingi ni risasi tatu tu. Tumia risasi za bandia zisizo na baruti wala fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti), mtutu uelekee pasipo na mtu. Weka kitako begani, vuta na sukuma kwa nguvu kama umeona mnyama anaondoka. Rudia mpaka magazini imeisha mara kumi. Kisha uwanjani na risasi za kweli, mwendo ule ule. Ikikwama hata mara moja, peleka kwa fundi au rudisha. Na ile risasi iliyozama kichwa USIIPIGE. Nafasi ndani ya ganda imepungua, presha inapanda.

Hatua ya 5. Soma mhuri wa kitakoni mwa ganda, herufi kwa herufi. "Magnum ya 300" si jina. Kuna Win Mag, kuna WSM, kuna SAUM, kuna Weatherby. Win Mag ndani ya WSM haifungi bolti, utacheka yaishe. SAUM ndiyo ya kuogopa: ni fupi zaidi na imezidiwa unene kwa unywele, kwa hiyo inaweza kuingia chemba ya WSM ikiwa imelegea, na ukifyatua ganda linaweza kupasuka mbele ya uso wako.

Hatua ya 6. Ulizia risasi dukani kabla ya kulipia bunduki. Ukiishiwa .375 H&H (Holland & Holland) au .30-06 kambini, mwenzio anaweza kukuazima. Ukiishiwa WSM umeishiwa. Na 7mm WSM imekuwa adimu hata huko Marekani ilikozaliwa.

Hatua ya 7. Piga risasi kumi umesimama, bila meza. Teke ni la Win Mag, na bunduki nyepesi inalizidisha.

MASWALI

Mdau, Makambako: Mkuu, kwa hiyo .300 WSM naweza kupigia nyati akiwa karibu?

Jibu: Hatua ya 2.

Mdau, Makambako: Nimesoma, ila jamaa yangu anasema aliangusha kwa .30-06.

Jibu: Jamaa yako anasema. Kanuni inasema .375. Tuishie hapo.

Kijana wa Tukuyu: Shikamoo mzee, ndaga fijo kwa somo. Mimi ni msaidizi kambini, bado najifunza. Ganda fupi linawezaje kutoa kasi ile ile?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ndiyo maswali ninayoyataka haya. Kwanza presha: .300 WSM imeruhusiwa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 65,000, Win Mag 64,000. Pili, wenyewe wanasema rundo fupi na nene la baruti linashika moto kwa usawa kuliko lililorefuka, kama kuni fupi zilizopangwa pamoja. Mimi nasema tofauti hiyo utaiona kwenye karatasi tu. Tatu, angalia inaposhindwa: ukiweka kichwa kirefu cha greni 200 na zaidi, kinazama ndani na kula nafasi ya baruti, na ganda refu linaanza kushinda. Ndiyo maana nimesema 180.

Kijana wa Tukuyu: Na kabla ya WSM hakuna aliyejaribu kufupisha?

Jibu: Wapo, na kuna mkasa mzuri. Mwaka 1956 Winchester walitoa .458 Win Mag, wakitaka nguvu ya bunduki kubwa za tembo kwenye bolti ya urefu wa kawaida. Ganda likawa dogo kwa kazi hiyo, baruti ikashindiliwa. Zilipokaa muda mrefu baruti ya baadhi yake ikaganda mabonge, kasi ikashuka, na mbele ya tembo hilo si jambo la kufanyia mzaha. Jack Lott, Mmarekani aliyewahi kujeruhiwa na nyati Msumbiji, akaja na ganda refu zaidi, .458 Lott, mwaka 1971. Ukitaka .375 isiyohitaji bolti ndefu ya H&H, tazama .375 Ruger ya 2007. Hiyo inakaa kwenye bolti ya .30-06 na inafika kwa nyati.

Mdau, Mafinga: Mbona ya kwangu ni .300 WSM tangu 2012 na haijakwama hata siku moja? Ulinunua mbovu unaisingizia kaliba.

Jibu: Nimeandika mdomo ulikuwa umepinda. Nimeandika nilivuta bolti nusu. Ulisoma au uliruka ukafika kwenye maswali? Nimesema ijaribiwe, sijasema itupwe. Ya kwako magazini yake ikoje?

Mdau, Mafinga: Ya kuchomoa. Risasi zinakaa mstari mmoja, moja juu ya nyingine.

Jibu: Ndiyo hiyo sasa. Zikipanda mstari mmoja zinaielekea chemba moja kwa moja, hazitokei ubavuni. Ya kwangu ilizipanga kushoto na kulia. Hilo ningelitia hatua ya 4, asante, na samahani kwa ukali.

Mgeni, Iringa: Ipi bora kwa ujumla?

Jibu: Bora kwa nani, wapi, mnyama gani?

Mgeni, Iringa: Kwa ujumla tu.

Jibu: Hatua ya 2.

Dada wa Njombe: Kaka, nina leseni na kibali, natumia .308 kwa tandala na kuro, sipigi zaidi ya mita 150. Nibadilishe?

Jibu: Dada, usibadilishe. Kwa umbali huo .308 yenye kichwa kizuri cha greni 180 inatosha, na huogopi teke lake, kwa hiyo hufumbi macho unapofyatua. Hela hiyo nunua darubini nzuri na maboksi matano ya mazoezi.

Dada wa Njombe: Asante. Swali la pembeni: mwezi wa kumi tukishuka Usangu, boksi likikaa kwenye dashibodi linapata moto sana. Ina madhara?

Jibu: Yanakuwepo. Baruti ikipata joto presha inapanda, na magnum tayari inakaa karibu na kikomo. Ukiona bolti inakuwa nzito kufungua, au fataki imelala bapa kama sarafu, acha kupiga. Ziweke kwenye begi la nguo, chini ya kiti.

Kijana wa Tukuyu: Sisi tunaweka kwenye kisanduku cha soda, chenye barafu.

Jibu: Toeni leo. Zinatoka jasho, unyevu unaingilia fataki.