Usiimwage bia ya ngano kabla hujainusa

Oktoba iliyopita mtoto wa mdogo wangu alifika hapa kwangu Chang'ombe, Dodoma, na bodaboda, ameikumbatia ndoo ya lita 20 kama anayepeleka mgonjwa hospitali.

"Shikamoo, mama mkubwa. Nimeharibu."

"Marahaba, mwanangu. Umeharibu nini?"

"Bia. Inanuka ndizi, halafu imegoma kutakata."

Nilicheka, maana hayo mawili si makosa. Bia ya ngano, ile wanayoipika Wajerumani wa Bavaria, inatakiwa kunukia ndizi mbivu na karafuu, na harufu zote mbili hutoka kwenye hamira tu. Wingu lile ni protini ya ngano na hamira inayoelea. Ukiiona imetakata kama maji ya dafu, hapo ndipo ujiulize.

Lakini nilipoinama tena juu ya ndoo, chini ya ndizi nikakuta kitu kingine, kikali, kinachopanda puani kama thina ya fundi rangi. Hilo sasa ndilo kosa, na hapa Dodoma ndilo kosa linaloua bia nyingi kuliko uchafu.

"Uliiweka wapi?"

"Chumbani."

"Kuna dari?"

"Bati tupu."

Basi. Chumba cha bati Oktoba saa tisa alasiri kinapita nyuzi 30 bila shida, na hamira ikiwa kazini hutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo ni moto zaidi ya chumba. Bia hii inataka nyuzi 18 hadi 22, na 24 navumilia. Ikizidi sana, hamira hukimbia na kuacha vileo vizito vinavyonuka thina na kukuamsha na kichwa kizito. Harufu hiyo haina dawa. Huiondoi kwa kuchuja, wala kwa kuiacha ikae.

Kinga yake ni rahisi. Chukua beseni pana, tia maji kimo cha vidole vinne, simamisha ndoo katikati. Vika ndoo gunia la katani au kanga kuukuu, pindo lake lizame ndani ya maji, kisha weka vyote mahali upepo unapopita. Maji yanapanda kwenye kitambaa, yanakauka, yanaondoka na joto. Nimewahi kupima: chumba 30, ndoo 24. Ni ukavu wa hewa yetu unaofanya kazi hiyo. Mama yake kijana huyu anakaa Tanga, alijaribu akaambulia kanga yenye ukungu. Siku tatu za mwanzo ndizo za kulinda. Baada ya hapo joto likipanda kidogo halidhuru sana.

Juni na Julai mambo hugeuka. Usiku baridi inaingia, hamira inalala, unafungua siku ya pili hakuna hata povu. Usikimbilie kuongeza hamira. Hamishia ndoo jikoni, ifunge blanketi, itikise polepole, ngoja hadi kesho yake. Kama bado kimya, chukua hamira mpya, ijaribu kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari. Ikitoa povu ndani ya nusu saa, itie.

Upande wa kupika, kosa linalowaumbua wengi ni kuchuja. Mimi nililelewa Mvumi na bibi aliyekuwa akipika ujimbi, pombe yetu ya mtama. Yeye alipika uji kwanza, akauacha upoe kiasi, ndipo akatia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kwa sababu wanga wa mtama unahitaji moto mkali zaidi kabla kimea hakijaweza kuugeuza sukari. Ngano iliyooteshwa kuwa kimea haihitaji kupikwa uji. Ukiishikilia kwenye nyuzi 65 hadi 68 kwa saa moja, inajigeuza yenyewe. Shida ya ngano ni kwamba ganda lake hubaki kwenye pepeto, kwa hiyo ndani ya chujio inakuwa kama donge la maandazi na haipitishi tone. Nenda mashine ya kukoboa mpunga, omba makapi, yale wanayochomea matofali. Kwa kilo 4 za kimea, gramu 200 zinatosha. Yaoshe, yachemshe, yachanganye. Kama umeshakwama, acha kukoroga kwa hasira, unazidi kuibana. Ongeza maji ya moto, inua machicha kwa mwiko taratibu, ngoja dakika kumi.

Kama huna uhakika wanga umeisha, dondosha maji ya kimea kidogo kwenye sahani nyeupe, tia tone la iodini ya kupaka vidonda. Ikigeuka nyeusi au bluu iliyokolea, bado. Hicho kilichoguswa na iodini mwaga, usirudishe sufuriani. Na ukipenda karafuu izidi ndizi, anza na nyuzi 45 kwa robo saa kabla ya kupandisha moto.

Kimea chako mwenyewe kikiota ukungu wa kijani au mweusi, tupa chote. Wa Dodoma na Manyara tunakumbuka mwaka 2016, sumukuvu iliua watu, na kuchemsha hakuiondoi.

Uchachu una habari yake. Ujimbi usipochacha si ujimbi, na bibi alikuwa na kata ya kibuyu ambayo hakuiosha kwa sabuni maisha yake yote, maana ndimo mlimokaa chachu yake. Mimi nikaichukua kata ileile, nikachotea bia ya ngano iliyokwisha poa. Siku ya nne nilikuwa na lita 15 za mtindi wa ngano. Kwa hiyo chochote kinachogusa bia baada ya kuchemka kiwe kimechemshwa pia, na uipoze haraka kwenye beseni la maji. Usiiache wazi usiku kucha. Ikiwa chachu safi kama mtindi, inywe ikiwa changa. Ikinuka siki, ihamishie kwenye mtungi, iwe siki ya kachumbari. Ikinuka plasta ya kidonda, huenda umesafishia dawa ya klorini na hukusuuza vizuri.

Chupa ndizo zilizonifundisha adabu. Niliona povu limetulia, nikaonja, bado tamu kidogo, nikasema tamu si mbaya, nikafunga na kuongeza sukari. Saa nane usiku tatu zilipasuka kabatini, mume wangu akaingia chini ya kitanda. Siku hizi nangoja mpaka siku tatu zipite bila kiputo hata kimoja kwenye mrija wa kutolea hewa, na ulimi usione utamu. Kisha naweka kijiko kimoja cha chai cha sukari, kisichojaa, kwa kila chupa ya nusu lita. Moja kati ya hizo huwa ya plastiki, ya soda. Naibonyeza kila asubuhi. Ikiwa ngumu kama jiwe, zote zinaingia kwenye friji siku hiyohiyo.

Ile ndoo ya Oktoba tuliimwaga kwenye shimo la mbolea, nyuma ya choo. Kijana aliondoka na beseni langu na gunia. Novemba akaleta chupa mbili, ndizi tupu, thina hakuna. Beseni bado liko kwake.